SOMO LA KAMATI: Kuhesabu Protoni, Nyutroni na Elektroni, na Alama Ndogo Iliyotupotosha



Ukurasa wetu wa masomo safari hii hauhusu utunzaji wa vitabu vya fedha wala uchaguzi wa mbegu. Unahusu atomi. Tunajua baadhi yenu mtauliza ofisi ya miradi ya dayosisi inahusikaje na mambo ya darasa la kemia. Tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu somo hili lilianzia kwenye kisima, na lilianza kwa kosa letu wenyewe.

Mwaka jana tulipeleka maabara sampuli ya maji ya kisima kirefu katika mmoja wa mitaa tunayoihudumia magharibi ya Dodoma. Majibu yalipokuja yalikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Tuliutoa nakala, tukaupeleka kwa kamati ya maji ya mtaa, tukaomba waujadili na kutuletea muhtasari wa kikao. Muhtasari uliporudi, kipengele cha nne kilisomeka hivi: "Floraidi ni hasi, kwa hiyo maji ni salama kwa kunywa." Tuliusoma kwa haraka, tukaufungia kwenye jalada.

Karatasi ya maabara haikusema hivyo. Ilionyesha herufi F, na juu yake alama ndogo ya kutoa, kisha kiasi kilichozidi miligramu 2 katika kila lita. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, lakini baadaye kiwango cha taifa nacho kikashushwa hadi 1.5. Katibu wa kamati alikuwa ameisoma ile alama kama tunavyosomewa majibu zahanati. Ukiambiwa malaria ni hasi, maana yake haijaonekana. Basi na floraidi hasi, akaelewa, haimo.

Ilipita miezi minne kabla hatujagundua. Muda wote huo watoto waliendelea kunywa maji hayo. Hatumlaumu katibu, kwa kuwa alitumia maana ya neno aliyoijua. Wa kulaumiwa ni sisi, tuliopeleka karatasi bila maelezo tukaamini kwamba tumetoa taarifa.

Kwa hiyo tuliwaita wajumbe wa kamati za maji za mitaa kadhaa, tukakutana Zuzu kwa siku moja ya mafunzo. Yafuatayo ni yale tuliyojifunza pamoja, yamepangwa ili kamati yoyote iweze kuyarudia yenyewe. Vifaa vinavyohitajika ni ungo mmoja, karanga, njugu mawe na uwele.

CHEMBE TATU

Kila kitu tunachokigusa, iwe jiwe, maji, bati la kanisa au mwili wetu, kimeundwa kwa atomi. Atomi nayo ina chembe za aina tatu.

Ya kwanza ni protoni. Imo katikati ya atomi, mahali panapoitwa kiini, na ina chaji chanya. Ya pili ni nyutroni. Nayo imo ndani ya kiini, ina uzito unaokaribiana sana na wa protoni, lakini haina chaji. Ya tatu ni elektroni. Iko nje ya kiini, ina chaji hasi, na ni nyepesi mno: uzito wa protoni moja ni sawa na wa elektroni 1,836 hivi.

Pale Zuzu tuliichukua karanga kuwa protoni, njugu mawe kuwa nyutroni, na punje ya uwele kuwa elektroni. Karanga na njugu mawe tulizirundika katikati ya ungo, na uwele tukautawanya pembeni. Mfano huu una mapungufu mawili ambayo inafaa myajue. Kwanza, uwele ni mzito kupita kiasi ukilinganishwa na elektroni halisi. Pili, ungo ni mdogo mno. Kama kiini kingekuwa na ukubwa wa karanga moja, elektroni za nje tungezikuta umbali wa mamia ya mita. Hata hivyo kwa kazi ya kuhesabu ungo unatosha.

Maarifa haya si ya kale sana. Elektroni ilitambuliwa mwaka 1897 na J. J. Thomson wa Uingereza. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza kwamba katikati ya atomi kuna kiini. Mwaka 1913 kijana Henry Moseley alionyesha kwa vipimo kwamba kila elementi ina namba yake maalumu inayotokana na chaji ya kiini chake. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Nyutroni ilikuwa ya mwisho kugunduliwa, na aliyeigundua ni James Chadwick mwaka 1932. Kwa hiyo baadhi ya wazee wetu wa kanisa walizaliwa miaka michache tu baada ya nyutroni kujulikana.

HESABU TATU

Ili kujua idadi ya chembe, tunahitaji namba mbili tu. Ya kwanza ni namba ya atomi. Ya pili ni namba ya masi, yaani jumla ya protoni na nyutroni zilizomo ndani ya kiini. Elektroni haziingii katika jumla hiyo kwa sababu uzito wake ni mdogo mno.

Hesabu ya kwanza: idadi ya protoni ni sawa na namba ya atomi. Hapa hakuna la kujumlisha wala kutoa. Namba hii ndiyo utambulisho wa elementi. Chenye protoni 9 ni florini, chenye protoni 17 ni klorini, na chenye protoni 92 ni urani. Ukiongeza au ukipunguza protoni moja, umepata elementi nyingine kabisa.

Hesabu ya pili: idadi ya nyutroni ni namba ya masi ukitoa namba ya atomi.

Hesabu ya tatu: kama atomi haina chaji, idadi ya elektroni ni sawa na ya protoni. Kama ina chaji, tunarekebisha, na namna ya kurekebisha tutaieleza hapa chini, kwani hapo ndipo tulipokosea.

MFANO WA KWANZA: NYAYA ZA ZUZU

Anayefika Zuzu hawezi kukosa kuona minara ya umeme. Hapo pana kituo cha kupoza umeme kinachohudumia Dodoma, na njia kuu iliyojengwa kwa msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga hupitia huko. Nyaya kubwa za namna hiyo kwa kawaida hufumwa kwa aluminiamu kuzunguka uzi wa feleji. Basi tulianza na aluminiamu.

Namba yake ya atomi ni 13, na namba yake ya masi ni 27. Protoni ni 13. Nyutroni ni 27 toa 13, yaani 14. Elektroni ni 13. Tukaweka katikati ya ungo karanga 13 na njugu mawe 14, na pembeni punje 13 za uwele.

Mjumbe mmoja akauliza umeme uko wapi kwenye ungo ule. Umeme unaopita kwenye nyaya ni mwendo wa zile chembe za pembeni. Katika aluminiamu, elektroni 3 za nje kabisa za kila atomi hazishikwi kwa nguvu, hivyo zinaweza kusogea kutoka atomi moja hadi nyingine. Kwenye umeme wetu wa Tanzania husukumwa mbele na kurudishwa nyuma mara 50 kwa sekunde. Karanga na njugu mawe za katikati hazitoki mahali pake. Tuliwaomba wajumbe walikumbuke jambo hilo: za pembeni huhama, lakini za katikati hubaki. Litatusaidia mbele.

NUSU YA NYUTRONI

Mfano wa pili ulikuwa klorini, ambayo pamoja na sodiamu ndiyo chumvi ya mezani. Kwa wakazi wa Dodoma si jambo geni, kwa sababu visima vyetu vingi vina maji ya munyu. Tuligawa jedwali la elementi, tukawaachia wajumbe wafanye hesabu wenyewe. Namba ya atomi ya klorini ni 17, na uzito ulioandikwa kwenye jedwali ni 35.5.

Baada ya muda mama mmoja alinyanyua mkono. "Mratibu, mimi nimepata nyutroni kumi na nane na nusu. Hii nusu naikata wapi?" Alikuwa ameshika njugu mawe moja, na kisu kiko tayari.

Tulicheka pamoja naye, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko yote ya siku ile. Hakuna nusu ya nyutroni. Namba ya masi daima ni namba kamili, kwa sababu ni idadi ya chembe zinazohesabika. Namba 35.5 iliyo kwenye jedwali si namba ya masi. Ni wastani wa uzito wa atomi za klorini za aina mbalimbali zilizochanganyika.

Klorini ya kawaida ina aina mbili. Ya kwanza ina namba ya masi 35, kwa hiyo nyutroni zake ni 35 toa 17, yaani 18. Ya pili ina namba ya masi 37, na nyutroni zake ni 20. Zote ni klorini kwa sababu zote zina protoni 17. Aina za namna hii, zenye protoni sawa na nyutroni tofauti, huitwa isotopu. Katika kila atomi 100 za klorini, 76 hivi ni za aina ya kwanza na 24 hivi ni za aina ya pili. Zidisha 76 kwa 35 upate 2,660. Zidisha 24 kwa 37 upate 888. Jumla ni 3,548, na ukigawa kwa 100 unapata 35.48. Hiyo ndiyo 35.5 ya kwenye jedwali.

Ni sawa na kusema kaya za kijiji fulani zina wastani wa watoto wanne na nusu. Wastani huo ni wa kweli, lakini ukipita nyumba kwa nyumba hutamkuta nusu mtoto. Wala haifai kukadiria tu kwenda juu. Ukichukua 36 utapata nyutroni 19, na atomi ya namna hiyo ni adimu mno katika chumvi tunayoila. Kwa hiyo, kabla ya kutoa, ulizeni kwanza: namba tuliyopewa ni namba ya masi ya atomi ya aina moja, au ni wastani?

ALAMA YA KUJUMLISHA NA ALAMA YA KUTOA

Sasa tufike kwenye kosa letu. Atomi inaweza kupoteza elektroni au kupokea elektroni. Ikifanya hivyo, idadi ya karanga na idadi ya uwele hazilingani tena, na atomi inakuwa na chaji. Atomi yenye chaji huitwa ayoni. Hesabu yake ni fupi: chaji ni protoni ukitoa elektroni.

Sodiamu ina protoni 11 na nyutroni 12. Ikiwa ndani ya maji ya chumvi imepoteza elektroni moja, hivyo ina elektroni 10. Protoni 11 toa elektroni 10 ni moja, chanya. Huandikwa Na na alama ya kujumlisha.

Klorini imepokea elektroni hiyo moja. Sasa ina protoni 17 na elektroni 18. Ukitoa 18 kwenye 17 unapata moja, hasi. Huandikwa Cl na alama ya kutoa, na jina lake hubadilika kuwa kloraidi.

Florini ina protoni 9 na namba ya masi 19, kwa hiyo nyutroni 10. Nayo ikiwa ndani ya maji imepokea elektroni moja: protoni 9, elektroni 10, chaji moja hasi. Inaitwa floraidi.

Wajumbe kadhaa walikwama hapo. Inakuwaje kitu kimeongezewa, halafu kinapewa alama ya kutoa? Mweka hazina mmoja ndiye aliyewaeleza wenzake vizuri kuliko sisi. Alisema elektroni ni kama deni. Ukiongezewa deni moja, daftari lako linaonyesha pungufu moja, ingawa kilichotokea ni nyongeza. Aliyepunguziwa deni ndiye anayeonyesha ziada.

Kwa hiyo alama ya kutoa iliyokaa juu ya F haisemi kwamba floraidi haimo. Inasema tu kwamba kila atomi ya florini iliyomo imebeba elektroni moja zaidi ya protoni zake. Kama kitu kimo au hakimo, na kwa kiasi gani, hilo linasomwa kwenye safu ya vipimo.

Kiasi hicho nacho tusikidharau kwa udogo wa tarakimu. Lita moja ya maji ina uzito wa miligramu milioni moja, hivyo miligramu 1.9 ni kama sehemu 2 katika milioni. Lakini ukihesabu kwa atomi, miligramu 1.9 za floraidi ni atomi zipatazo bilioni 60 mara bilioni moja, ndani ya lita moja tu. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga huota meno yenye madoa, na madoa hayo hayaondoki. Kiasi kikubwa zaidi kinywewapo kwa miaka mingi huathiri hata mifupa.

KWA NINI KUCHEMSHA HAKUSAIDII

Mara tu kosa lilipofahamika, mtu wa kwanza kusimama alisema, "Basi tuchemshe." Ni jibu la busara, kwa kuwa kwa miaka mingi tumefundisha kuchemsha maji, na tunaendelea kufundisha. Moto huua vijidudu, maana vijidudu ni viumbe hai. Atomi haifi.

Rudini kwenye ungo. Moto wa kuni, hata uwe mkali kiasi gani, unagusa uwele wa pembeni tu. Kuni zinapoungua, elektroni za nje ndizo zinazopangika upya kati ya atomi na atomi. Kiini hakiguswi. Florini yenye protoni 9 itabaki na protoni 9 kabla ya kuchemka na baada ya kuchemka. Tena maji hupanda kama mvuke na kuiacha floraidi sufuriani. Ukichemsha lita 2 mpaka ikabaki lita 1, kila glasi sasa ina floraidi mara mbili.

Floraidi inaondolewa kwa kuitafutia kitu cha kuishika. Njia mojawapo iliyofanyiwa kazi hapa nchini kwa muda mrefu, kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, ni mkaa wa mifupa. Madini ya mfupa yanaipokea ayoni ya floraidi na kuachia ayoni nyingine yenye chaji hasi kama yake. Njia hii inafaa, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe kwa wakati, na maji yapimwe tena. Kamati isiyojua kusoma majibu ya maabara haitajua mkaa umechoka lini.

URANI YA BAHI

Ukitoka Dodoma kwa Reli ya Kati kuelekea magharibi unapita Zuzu, kisha Kigwe, kisha Bahi. Katika miaka ya 2000 kampuni za utafiti zilitafuta madini ya urani katika maeneo ya Bahi na Manyoni, na tangu hapo hofu haijaisha vijijini. Habari za kisima zilipoenea, baadhi ya akina mama waliacha kuchota hata maji ya kufulia. Walisikia kwamba "F" ni dawa ya urani iliyotiririka kutoka Bahi, au kwamba ikikaa ardhini itageuka kuwa urani. Swali hilo lililetwa mbele ya wote, nasi tulilijibu kwa kuhesabu.

Florini ina protoni 9. Urani ina protoni 92. Ili florini iwe urani ingehitaji protoni 83 zaidi ndani ya kiini chake, na hakuna kisima, joto wala miaka ya kukaa ardhini inayoweza kufanya hivyo. Floraidi hutoka kwenye miamba yenye madini ya florini, maji yanapokaa muda mrefu yakiyayeyusha kidogo kidogo.

Urani ya asili kwa sehemu kubwa ni ya aina mbili. Zaidi ya 99 katika kila 100 ni ile yenye namba ya masi 238: protoni 92, na nyutroni 238 toa 92, yaani 146. Iliyobaki, pungufu ya 1 katika 100, ni ya 235, ambayo ina nyutroni 143. Tofauti ya nyutroni 3 tu ndiyo inayofanya ile ya 235 itafutwe kwa ajili ya vinu vya umeme na kwa silaha.

Hata hivyo hatukutaka kuwatuliza watu kwa nusu ya ukweli. Tulisema kuni hazigusi kiini, na hilo ni kweli. Lakini viini vya baadhi ya elementi, urani ikiwemo, hubadilika vyenyewe. Urani ya 238 hutoa kipande chenye protoni 2 na nyutroni 2. Hesabuni: 92 toa 2 ni 90, na 146 toa 2 ni 144. Chenye protoni 90 si urani tena, ni thoriamu, na namba yake ya masi ni 90 jumlisha 144, yaani 234. Thoriamu nayo hubadilika, na mlolongo huo huendelea kwa hatua nyingi mpaka kufikia risasi yenye protoni 82 na nyutroni 124, ambayo imetulia. Kazi hiyo ni ya polepole sana. Nusu ya urani ya 238 huhitaji takriban miaka bilioni 4.5 kubadilika.

Je, urani inaweza kuwemo kwenye maji? Inaweza, kwa viwango vidogo, mahali miamba inapokuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi maikrogramu 30 kwa lita. Jibu linapatikana kwa kupima, wala si kwa kusikia. Vipimo vya kawaida vya kisima mara nyingi haviihusishi, hivyo kamati inayotaka kujua lazima iombe kipimo hicho kwa jina. Kwa masuala ya mionzi nchi yetu ina Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

WALICHOAMUA

Kamati yenye kisima kile ilirudi kwao ikaufuta uamuzi wa zamani kwa maandishi. Kisima hakikufungwa. Maji yake yanatumika kwa kufua, kufyatua matofali na usafi wa nyumba. Maji ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto wadogo, yanachotwa kwingine wakati tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka paa la kanisa la mtaa likikamilishwa. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu, hivyo kamati imekubali kwamba tangi peke yake halitamaliza tatizo, na suala la mkaa wa mifupa bado lipo mezani.

Kwa upande wetu, ofisi haitapeleka tena karatasi ya maabara bila ukurasa wa Kiswahili unaotaja kila kipimo, kiasi kilichopatikana na kiwango kinachoruhusiwa. Na mtu wa ofisi atakuwepo siku karatasi inaposomwa.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Kwenye bajeti zetu mmekuwa mkiona mstari wa "mafunzo ya kamati", na wengine mmetuuliza kwa nini fedha hiyo isiongezwe kwenye mabomba. Pampu ya kisima hiki ilifanya kazi bila kusita kwa miezi yote minne. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma alama moja.

ZOEZI LA KAMATI

Fanyeni mkiwa na ungo. Msitazame majibu kwanza.

1. Oksijeni ina namba ya atomi 8 na namba ya masi 16. Haina chaji. Tafuteni idadi ya protoni, nyutroni na elektroni.

2. Chuma, kinachoacha kutu kwenye ndoo, kina namba ya atomi 26 na namba ya masi 56. Tafuteni chembe zake kikiwa hakina chaji, kisha kikiwa na chaji 2 chanya.

3. Magnesiamu ndani ya maji ina chaji 2 chanya. Namba ya atomi ni 12, namba ya masi ni 24.

4. Ayoni moja ina protoni 19, nyutroni 20 na elektroni 18. Namba yake ya masi ni ngapi, na chaji yake ni ipi?

5. Karatasi ya maabara inaonyesha Cl yenye alama ya kutoa, na kiasi cha miligramu 200 kwa lita. Mjumbe anasema kloraidi haimo. Mtamjibu nini?

MAJIBU

1. Protoni 8, nyutroni 8, elektroni 8.

2. Bila chaji: protoni 26, nyutroni 30, elektroni 26. Chenye chaji 2 chanya: elektroni ni 24, na nyingine hazibadiliki.

3. Protoni 12, nyutroni 12, elektroni 10.

4. Namba ya masi ni 39. Chaji ni 19 toa 18, yaani 1 chanya. Ni potasiamu.

5. Kloraidi imo, tena miligramu 200 katika kila lita. Alama ya kutoa inaonyesha tu kwamba kila atomi ya klorini ina protoni 17 na elektroni 18.

Kamati itakayopata swali lisilojibika kwa ungo ituandikie au ipite ofisini. Na mkija, tafadhali njooni na karatasi yenu ya maji, tuisome pamoja.